John Mbiti: msomeni kama mchungaji

Kupingwa ni jambo la kawaida kwa mwandishi. Kupingwa na watu wawili ambao wenyewe hawapikiki chungu kimoja ni bahati ya wachache, na John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, aliipata. Okot p'Bitek, yule mshairi wa Kiacholi kutoka Uganda, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wasomi wa aina ya Mbiti wameivika miungu ya wazee wetu mavazi ya Mungu wa Wakristo, hadi mwanakijiji wa kawaida asingeitambua akikutana nayo njiani. Mwaka 1975 Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa akiongoza umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika kutoka Nairobi, akatoa kitabu kilichochapwa Kisumu akimshutumu Mbiti huyohuyo kwamba anachanganya dini, na kwamba mafundisho yake yanaelekea kuwaokoa watu wote bila masharti.

Mmoja anasema umezidisha Ukristo, mwingine anasema umeupunguza. Nimewasoma wote wawili, na naona kila mmoja alikuwa na haki kwa kiasi chake. Shida ni kwamba walidhani wanabishana na mwanafalsafa, kumbe aliyekuwa mbele yao ni mchungaji.

Na sisi tumeendeleza kosa hilo. Vyuoni Mbiti anafundishwa pamoja na Tempels na Kagame, wale walioandika juu ya falsafa ya Kibantu; unaeleza fikra za Waafrika kuhusu wakati, unaongeza ule usemi wake wa mimi nipo kwa kuwa sisi tupo, unapata alama zako, basi. Usemi wenyewe umeshachakaa. Umepita kwenye hotuba za harambee, kwenye vijitabu vya mazishi, na kwenye semina za hotelini ambako kampuni inawaambia wafanyakazi wake kwamba wao ni familia moja, wiki mbili kabla ya kuwapunguza. Mtu akisikia jina la Mbiti leo anafikiria usemi huo tu, kama vile mzee aliamka siku moja akautamka kisha akarudi kulala.

Alizaliwa Novemba 30, 1931, Mulango, Kitui, mmoja wa watoto sita wa wazazi wakulima. Mulango ilikuwa kituo cha misheni. Walutheri wa Leipzig ndio waliotangulia, na kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikaishia mikononi mwa Africa Inland Mission. Wanaoijua AIM ya zamani wanajua mahubiri yake: dhambi, damu, mbinguni, moto wa milele, na Yesu anayerudi karibuni. Hilo la kurudi karibuni liwekeni akilini. Kutoka hapo akaenda shule ya Alliance, kisha Makerere alikomaliza mwaka 1953, kisha Barrington College kule Rhode Island, Marekani. Katikati ya hayo yote, mwaka 1954, alikuwa ameshachapisha kitabu cha hadithi kwa Kikamba. Mwaka 1963 akapata udaktari Cambridge, akapewa ukasisi katika Kanisa la Kianglikana, akahudumu kwa muda mfupi kwenye parishi moja ya St Albans, Uingereza. Mwaka 1964 akarudi Makerere kufundisha.

Watu wengi wanashangaa ukiwaambia kwamba udaktari wenyewe haukuwa wa dini za Kiafrika. Ulikuwa wa Agano Jipya, juu ya mambo ya mwisho: kurudi kwa Yesu, ufufuo, hukumu. Swali alilokwenda nalo Cambridge lilikuwa swali la mtu wa mimbari. Unaposimama mbele ya Wakamba ukasema Bwana anarudi upesi, wao wanasikia nini?

Jibu lake liko katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na kwangu ndicho kitabu chake bora, ingawa hakisomwi sana. Alivichunguza vitenzi vya Kikamba akaona kwamba nyakati zijazo zinafika miezi kadhaa mbele, zikivutwa sana labda miaka miwili. Jambo lililo mbali zaidi ya hapo halina mahali pa kukaa. Kwa hiyo mmisionari aliposema Yesu anarudi, alikuwa na hakika kwamba amefundisha fundisho la kanisa. Msikilizaji aliambiwa habari ya jambo lililokwisha kushika njia. Na mmisionari aliposimulia mbinguni kwenye mito na majumba, na jehanamu yenye moto, akiwa amezoea kwao kwamba hizi ni lugha za picha, hakuna aliyewaambia Wakamba kwamba ni picha. Wakazipokea kama zilivyo.

Kuna wanaodhani huu ni ubishi wa maktaba. Machi 2000, Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu walikufa katika kundi lililokuwa likingojea mwisho wa dunia. Mwaka 2023 tukaangalia televisheni wiki baada ya wiki miili ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, zaidi ya 400 kwa jumla, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Baada ya Shakahola tuliongea sana kuhusu usajili wa makanisa, leseni, polisi waliolala kazini. Sawa. Sikusikia wengi wakiuliza lile swali la Mbiti: watu hawa waliposikia "mwisho umekaribia", walisikia nini hasa, na nani kabla ya hapo aliwafundisha kuusikia hivyo? Mtu wa Kitui alikuwa ameliuliza miongo kadhaa kabla, tena kwa utaratibu, na vitenzi mkononi.

Katika uchunguzi huo wa vitenzi ndimo ilimozaliwa ile nadharia ya wakati iliyomletea vita. Mwaka 1969 alitoa kile kitabu maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotokana na mihadhara yake ya Makerere. Kile ambacho kwenye utafiti wa awali kilikuwa uchunguzi wa Wakamba sasa kikawa kauli kuhusu Mwafrika mzima. Wakati, alisema, ni matukio. Jambo lisilotokea, wala halimo njiani, halina wakati. Akaona Kiingereza hakimtoshi, akaja kuazima kwetu: Sasa na Zamani. Sasa ni kile kipindi mtu anachokiishi, pamoja na yale anayoyakumbuka mwenyewe na kesho iliyo karibu. Zamani ni bahari ambamo kila kitu huishia. Aliyekufa, maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina, bado yumo katika Sasa. Mbiti aliwaita hao wafu walio hai. Akishakufa wa mwisho aliyemfahamu, baada ya vizazi vinne au vitano, marehemu anazama katika Zamani na kuwa roho isiyo na jina. (Mwanasosholojia Mmarekani James Loewen aliyachukua maneno haya akayaingiza katika kitabu chake kilichouzwa sana, ila Sasa ikafika huko ikiwa "sasha". Hadi leo mtandaoni utakutana na watu wanaosimulia kwa uchungu kuhusu "sasha" wa Waafrika.)

Sisi wenye maneno hayo tuna haki ya kusema kitu. Lugha yenye kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, yenye mwakani na vizazi vijavyo, haiwezi kuambiwa haioni mbele. Mzee wa pwani anayepanda mnazi leo hategemei kula nazi zake msimu huu. Anawapandia wajukuu, na anajua. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa Kiakan chake mambo yanayofanana na haya. Mbiti alikuwa amechunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, na kutoka lugha hizo mbili akaruka hadi bara zima. Mruko huo siutetei. Paulin Hountondji wa Benin naye alikuwa sahihi kuuliza inakuwaje bara lenye watu wanaobishana kila siku lipewe falsafa moja ambayo kila mtu anaikubali bila kujua.

Ila angalieni anachofanya mchungaji kila Jumapili. Ana dakika arobaini na watu mia tatu, na lazima aseme "sisi". Hawezi kusema baadhi yetu, kwa kutegemea ukoo na wilaya. Ile "Waafrika ni watu wa dini" ambayo Mbiti anafungulia kitabu chake, mwanafalsafa ataikamata palepale: Waafrika gani, dini kwa maana ipi, umepima vipi? Mhubiri ataitikiwa amina. Nikisoma kitabu kile nasikia sauti ya mimbari kila baada ya kurasa chache, na makosa yake mengi ni makosa ya mimbari.

Uzuri wake pia. Kuna kisa alichokiandika miaka ya 1970, nadhani ni ukurasa mkali kuliko yote aliyowahi kuandika. Kijana Mwafrika anakwenda ng'ambo kusomea teolojia. Anajifunza Kijerumani, Kifaransa, Kigiriki, Kilatini na Kiebrania, anaandika tasnifu juu ya mwanateolojia fulani asiyejulikana wa Zama za Kati, na baada ya miaka tisa na nusu anapata udaktari. Anapanda ndege na kulipia uzito wa ziada kwa sababu ya vitabu vya wanateolojia wakubwa: Barth, Bultmann, Bonhoeffer na wenzao. Kijijini wamejaa ndugu na majirani, wanakula na kushangilia. Ghafla ukelele. Dada yake mkubwa ameanguka. Kijana anaamuru apelekwe hospitali. Mtoto wa shule anamwambia hospitali iko maili 50 na mabasi ni ya shida. Wengine wanasema hospitali haitasaidia, amepandwa. Chifu anamgeukia: wewe umesomea mambo ya Mungu ng'ambo miaka kumi, msaidie dada yako, anasumbuliwa na roho ya shangazi wa ukoo. Kijana anakwenda polepole kumchukua Bultmann, anatazama faharasa, anapata ukurasa, anasoma. Bultmann amekwisha kueleza kwamba habari za mapepo katika Agano Jipya ni visasili. Watu wanapiga kelele amsaidie dada yake. Na yeye anawapigia kelele kwamba Bultmann ameshayafuta mapepo.

Inachekesha, na inauma. Haikuandikwa na mtu anayechukia vitabu. Mwenyewe alikuwa na udaktari wa Cambridge na Kigiriki kichwani. Iliandikwa na mtu aliyejua kwamba iko siku utaitwa usiku nyumba fulani, na utakachobeba mkononi ndicho watakachokupimia. Katika makala hiyohiyo anawageukia wenzake wa Ulaya na kuwauliza, kwa maneno yangu: sisi tumeila teolojia yenu na kuinywa, tunawajua; je, nyinyi mnatujua?

Sasa p'Bitek. Ana kisa chake, nacho kinampiga Mbiti mahali penyewe. Mapadri wa Kiitaliano walifika kwa Waacholi mwaka 1911 na kuwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Kiluo cha pale hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ya mapadri, kwa hiyo swali likageuzwa: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema binadamu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakang'ang'ania. Mzee mmoja akakumbuka kwamba wapo watu ambao uti wa mgongo huharibika wakawa vibyongo, na inasemwa waliofinyangwa hivyo wamefinyangwa na Rubanga. Mapadri wakafurahi: jina limepatikana. Basi wakaanza kuhubiri kwamba Rubanga, pepo anayevunja watu migongo, ndiye aliyeumba mbingu na nchi.

Mwaka 1970 Mbiti alitoa kitabu kingine kinachokusanya majina na sifa za Mungu kutoka karibu makabila 300 ya Afrika. Ni kazi kubwa sana ya mtu mmoja. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwenye maandishi ya wamisionari na watawala, na ukishasoma kisa cha Rubanga, kila ukurasa wa orodha ile unajiuliza: jina hili nalo lilipatikanaje? Nani aliuliza, na mzee alijibu swali gani? Mbiti hakuwa na njia ya kujibu kwa makabila 300, na hapo p'Bitek anashinda.

Kwa nini basi mtu makini kama yule alikusanya kwa hamu kiasi hicho? Nadhani ni kwa sababu ya swali ambalo kila mchungaji wa kizazi chake aliulizwa: babu yangu aliyekufa kabla ya misheni kufika yuko wapi? Mmisionari wa Mulango alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moto. Mbiti alitaka kusema kitu kingine, na alitaka kukisema akiwa na ushahidi. Mwaka 1980 aliandika waziwazi kwamba Mungu wa Biblia ndiye yuleyule aliyekwisha kujulikana katika dini za wazee wetu, na kwamba wamisionari hawakumleta Mungu Afrika; Mungu ndiye aliyewaleta wao. Makabila 300 yalikuwa mashahidi wa babu. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini p'Bitek aliona joho la kanisa, na kwa nini Kato aliona mlango wa mbinguni umeachwa wazi.

Nayasema haya kwa sababu wachungaji wetu wanaandika vitabu leo kuliko wakati wowote, na nimechoka. Toka ibadani, pale mlangoni kuna meza yenye kitambaa cha satini. Kijitabu cha kurasa themanini, picha ya mtumishi akiwa ndani ya suti ya buluu amekunja mikono, mke wake pembeni, na kichwa chenye namba: hatua saba, funguo tano, milango kumi na miwili. Ndani kuna mahubiri yaliyonakiliwa kutoka kwenye rekodi, aya za Biblia zimejaza nusu ya ukurasa, na ushuhuda wa dada mmoja aliyepata gari. Bei ni sadaka, lakini sadaka isipungue kiasi fulani. Hakuna aliyeulizwa chochote na mwandishi. Hakuna mzee aliyehojiwa wala kitabu cha mtu mwingine kilichosomwa, na hakuna mahali ambapo mwandishi anaelekea kukosolewa.

Sidai kila mchungaji awe msomi. Ila anao utajiri ambao mtafiti wa chuo hulipia pesa kuupata. Anaingia nyumba zilizofungwa. Anajua nani hamzungumzishi nani na kwa nini, watu wanaomba nini wakidhani hakuna anayesikia, mama aliyefiwa anauliza nini siku ya tatu wageni wakishaondoka. Akikaa na hayo, akayaandika kwa uaminifu bila kutaja siri za watu, akayapima na vitabu vya wenzake, tungepata maandishi ambayo hakuna idara ya sosholojia inayoweza kuyatoa. Mbiti alitoka na kitu kimoja tu kutoka mimbarini, lile neno "anarudi", akalifuatilia hadi likazaa vitabu. Makosa alifanya, tena makubwa, lakini ni ya mtu aliyekwenda kutafuta, na ndiyo maana p'Bitek na Kato walipata kitu cha kupinga. Kijitabu cha funguo tano hata hakipingiki.

Mwaka 1974 aliondoka Makerere kwenda kuongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Bossey, karibu na Geneva. Mkewe alikuwa Mswisi. Mwaka 1981 akafanya jambo ambalo wasifu wake nyingi hulipita kwa sentensi moja: akawa mchungaji wa usharika katika mji wa Burgdorf, jimbo la Bern, na akakaa kazini hapo hadi 1996, huku akifundisha chuo kikuu cha Bern. Miaka 15 ya kubatiza, kuzika na kuhubiri miongoni mwa Waswisi. Wapo wanaomcheka kwamba mwandishi wa "sisi tupo" aliishi mbali na "sisi" yake. Mimi sioni kichekesho. Naona mtu aliyekuwa na jina la kumpatia kiti popote duniani, akachagua kuwa na watu wa kuwazika.

Alifariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 87. Kazi kubwa aliyomaliza uzeeni ilikuwa kutafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba, moja kwa moja kutoka Kigiriki. Alikuwa na vitenzi vya lugha hizo mbili tangu ujana wake, na tasnifu yake yote ilihusu jinsi vilivyokosana. Mtu anayejua Kikamba vizuri anisaidie: ningependa kuona alivyozifasiri zile aya za mwisho za Ufunuo, pale Yesu anaposema anakuja upesi.

Kwa anayetaka kuanza kumsoma, asianze na kile cha 1969. Aanze na mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba wa 1966, amsikie akiwa nyumbani, bila "Waafrika" wala "falsafa". Kisha kile cha mambo ya mwisho cha 1971, akikipata. Kisha p'Bitek, haraka, kabla hajapoa. Kato awe wa mwisho. Hana ladha ya uandishi ya hao wawili, na alikufa maji Mombasa Desemba ileile ya 1975 kabla ya kutimiza miaka 40, kwa hiyo ubishi wake na Mbiti haukupata muda wa kukomaa. Lakini kuhusu ule mlango uliobaki wazi alikuwa ameuliza swali la haki, na sijaona mahali ambapo Mbiti alilijibu hadi mwisho.